Balbu Mbili kwa Kila Nyumba

Watu wazima walimwamkia wakiwa bado mbali, kabla hajainua uso, na sababu ilikuwa ufunguo. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani, ndani ya shati, ukalala pale ambapo watu wengine wa kanisa letu walivaa msalaba. Ulikuwa ufunguo wa kibanda cha mashine, chini bondeni, mahali mto wetu unapoanguka kutoka mwambani. Mwenye ufunguo huo ndiye aliyekuwa na taa za kilima kizima. Tulimwita Mwenyekiti. Mke wake alimwita Mwenyekiti. Nasikia hata mama yake mzazi, mpaka siku anazikwa, alimwita hivyo hivyo.

Mimi sikumpenda. Naandika haya nikiwa bado simpendi, na anayetafuta mzee mwenye hekima akamtafute kwingine. Kwa miaka mingi nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: aseme kwa kinywa chake kwamba alimkosea mama yangu.

Kilima chetu kiko juu ya soko la Muthara, mahali vijito vinashuka kutoka milima ya Nyambene vikiwa baridi kama chuma cha asubuhi. Nilipokuwa mdogo, mwanga wetu ulitoka kwenye kuni na kwenye koroboi, ile taa ya kopo yenye utambi wa kitambaa. Mafuta ya taa yalinunuliwa kwa chupa ya soda, na chupa ikianguka njiani, mtoto alirudi nyumbani akilia kabla hajachapwa. Asubuhi shuleni tulipopenga kamasi zilitoka nyeusi, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Mwenye televisheni alikuwa mmoja, na ili tuone mpira ilibidi betri ya gari ifungwe nyuma ya baiskeli ipelekwe Muthara kuchajiwa. Mara nyingi ilizimika kabla ya kipindi cha pili. Waliotoka Laare walitusimulia jinsi wanunuzi wa miraa walivyowasha jenereta wakafunga mizigo chini ya taa nyeupe kama mchana, nasi tuliwasikiliza kama tunavyosikiliza habari za mbinguni.

Mwenyekiti ndiye aliyesimama kanisani siku moja, baada ya matangazo, akasema maji yale yanayoanguka bure kule bondeni yanaweza kuwasha nyumba zetu zote. Lazima niseme ukweli wake pia, ingawa unanichoma. Bila yeye tusingepata kitu. Kwa miaka miwili, kila Alhamisi, watu walichimba mtaro wa kuyaleta maji mpaka kwenye mashine, wanawake wengi kuliko wanaume, na mama yangu alichimba akiwa na mimba ya ndugu yangu, jembe likigonga mwamba na tumbo likimtangulia. Mwenyekiti hakusimama pembeni akiwa ameshika daftari. Majani yalipoziba mdomo wa mtaro, yeye ndiye aliyevua suruali akaingia majini mpaka kifuani, saa kumi na mbili asubuhi, akatoka midomo imekuwa ya bluu, akatuambia maji ni moto. Tulicheka. Siku taa zilipowaka kwa mara ya kwanza, bibi mmoja aliishika balbu kwa mkono akaungua, akasema basi sasa anaamini.

Nilikuwa na miaka tisa. Kama hadithi yake ingeishia hapo, ningempenda kama wengine.

Lakini mtu huyu alikuwa na ugonjwa wa kutoa amri, na amri alizitoa kwa Kiswahili. Akikuuliza habari za ng'ombe alitumia Kimeru chetu, polepole, hata kwa utani. Akitaka kutawala alihamia Kiswahili, kama mtu anayevaa koti kabla ya kuingia ofisini. Tukisikia tu "Wananchi," tulijua kuna kitu kimepigwa marufuku.

Amri ya kwanza ilikuwa balbu mbili kwa kila nyumba. "Mungu alimpa mtu macho mawili," alisema. "Hiyo balbu ya tatu ni ya jicho gani?" Moja sebuleni, moja chumbani. Jikoni hapana. Jiko la kwetu lilikuwa kibanda peke yake, nyuma ya nyumba, na humo ndimo wanawake walimokuwa kuanzia jua kutua mpaka watoto walale. Mama Mwenda, jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka mabonde mawili, alisimama mbele yake mkutanoni.

"Mwenyekiti, mimi sebuleni siingii mpaka wageni waje. Hiyo taa ninamulikia nani? Viti?"

"Jikoni kuna moto tayari."

"Moto ni wa sufuria."

"Basi simama karibu na sufuria."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Kwa hiyo stima ilikuja kwetu, na mama zetu wakaendelea kupika githeri gizani, wakiangalia kama maharagwe yameiva kwa kuyabana kwa vidole, moshi ukiwatoa machozi, huku mita kumi kutoka pale balbu ikiangaza kalenda ukutani.

Kila jioni alitembea. Alishuka njia ya katikati ya kilima mikono ikiwa nyuma, akikagua madirisha. Alijua ukubwa wa balbu kwa rangi ya mwanga wake. Dirisha likiwa jeupe kupita kiasi alilipiga kwa fimbo mara tatu, na mwenye nyumba akatoka na balbu mkononi, bado moto, ameifunga kwa leso. Mtu akithubutu kuchomeka pasi ya umeme, taa za kilima chote zilififia mara moja zikawa za njano kama maji ya dawa, na hapo ulisikia sauti yake kutoka popote alipokuwa: "Nani anapiga pasi? Nauliza, ni nani anapiga pasi?" Mbwa walibweka. Watu walicheka chini chini majumbani mwao. Mwenye kosa alirudi kwenye pasi ya makaa.

Alilinda miti ya chemchemi kama wanawe. Aliyekamatwa na panga kule juu alipanda miche mingi mbele ya watu, na vijito vyetu havikukauka hata miaka ile Tigania ya chini ilipokuwa ikikohoa vumbi. Hilo pia ni jema. Ila hakuna aliyemuuliza kuni zitatoka wapi sasa, naye hakujiuliza. Mke wake, mama mwembamba aliyesema kidogo, aliamka na giza akatembea mbali kuliko zamani, akarudi na mzigo umemkata paji la uso kwa ile kamba ya kubebea. Ulikuwa wa kumchemshia uji mtu aliyetuletea stima. Nilimwona mara nyingi Mwenyekiti akipishana naye njiani, yeye akishuka kwenda kwenye mashine, mke akipanda na kuni. Alimpisha kwa adabu.

Sasa nifike kwa mama yangu.

Mama alikuwa na dada aliyeolewa Kibirichia kwa wakulima wa viazi, na huko aliona sanduku la mbao lililokuwa na balbu ndani, na mayai. Balbu ilifanya kazi ya kuku. Alirudi amewaka uso. Alitengeneza sanduku lake mwenyewe kwa mbao za kitanda kibovu, akalizungushia blanketi, akaweka bakuli la maji ndani, akakusanya mayai sitini kwa majirani. Kila yai alilichora alama ya mkaa upande mmoja, ili ajue lipi limegeuzwa. Alitaka kuuza vifaranga soko la Muthara. Alitaka, hivi ndivyo alivyoniambia, "kitu ambacho sikibebi mgongoni."

Nyumba yetu ilikuwa na haki ya balbu mbili. Alizichomoa zote, akaziweka sandukuni. Sisi tukarudi kwenye koroboi bila kunung'unika, maana jioni tuliruhusiwa kufunua blanketi kidogo na kuchungulia, na mwanga ule mwekundu uliopita kwenye maganda ulikuwa mzuri kuliko taa ya sebule yoyote. Siku ya kumi na tisa mama aliniita, akalaza sikio langu juu ya yai moja. Ndani mtu alikuwa anagonga. Kisha akalia, sauti nyembamba kama uzi.

Wiki hiyo hiyo wageni wa shirika lililotusaidia kununua mashine walikuwa wanakuja. Mwenyekiti alikuwa ameipanga ziara yao kama harusi. Ijumaa jioni wangesimamishwa kwenye kilima cha ng'ambo, watoto waimbe, kisha wageuke waone kilima chetu kikiwaka nyumba kwa nyumba. Alhamisi, jua likizama, alikuja kukagua. Kwa mara ya kwanza hakuwa anatafuta dirisha lenye mwanga mwingi. Alifika kwetu akakuta giza.

"Mama Kananu," aliita kutoka mlangoni, "hii nyumba yako imekufa?" Kananu ni mimi.

"Haijakufa, Mwenyekiti. Karibu ndani. Taa ziko kazini."

Alifunua blanketi. Mwanga ulimpiga usoni kutoka chini, akaonekana kama mtu anayechungulia kisimani.

"Hii ni nini?"

"Ni mayai. Yamebakisha siku mbili."

"Wewe!" Akaingia kwenye Kiswahili chake cha amri. "Stima ni ya watu. Sio ya kuku."

"Ulisema balbu mbili. Hizo ni mbili. Hesabu."

Mwenyekiti alizitazama balbu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza, kwamba kesho wageni watatazama kutoka ng'ambo, na anataka waone nyumba zote. Mama azitoe balbu azitundike dirishani. Ni jioni moja tu.

"Nikizitoa jioni moja watakufa," mama alisema. "Wako hai, Mwenyekiti. Hebu sikiliza."

Na alisikiliza. Aliinama, akatega sikio, akakaa hivyo muda wa mtu kuvuta pumzi tatu au nne. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ukuta, nikaona uso wake ukibadilika aliposikia. Kisha alijinyoosha, akafunika sanduku vizuri, kwa mkono wa upole, akasema:

"Kama hutaki kuonekana, usionekane."

Akatoka. Alikuwa na koleo mfukoni, alitembea nalo siku zote. Tulisikia waya ukikatwa pale mlingotini, sauti ndogo tu, kama mtu anavunja kijiti.

Sitaeleza siku zile mbili zote. Mama alileta jiko la mkaa, akajaza vibuyu na madebe maji ya moto, akavizungushia mayai. Mengine aliyavika nguo akalala nayo kitandani, akiyahemea. Mama Mwenda alikuja na makaa ya kwake kwenye karai. "Nipe kumi nikalalie mimi," alisema, "nina mwili wa kuku wawili." Walicheka, wakahangaika, wakanyamaza. Vifaranga waliotoka walikuwa wanne. Waliobaki mama aliwazika chini ya migomba, mmoja mmoja, na ilimchukua asubuhi nzima.

Lakini kabla ya hapo ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwa kwenye kwaya ya watoto, kwa hiyo nilisimama ng'ambo na wageni. Taa zilipowaka walipiga makofi. Kweli kilima kilipendeza. Kilikuwa kinatabasamu, na sisi tulikuwa jino lililong'oka. Mgeni mmoja, mama mwenye kofia, alinyoosha kidole kwenye pengo akauliza pale pana nini. Nilikuwa nyuma ya Mwenyekiti, karibu kiasi cha kugusa koti lake.

"Pale?" alisema. "Pale ni ghala."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilijifunza siku hiyo kwamba mtu anaweza kukuondoa duniani bila kukugusa.

Hakuturudishia stima. Mama alikwenda kumwomba mara mbili, akawekwa nje kwenye benchi. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alikwenda mara moja akarudi bila kusema alichoambiwa. Kwa miaka tisa tuliishi katikati ya taa za watu. Nilisoma mpaka kidato cha nne kwa koroboi ile ile, huku nikiona kupitia dirishani majirani wakila chini ya mwanga ambao mtaro wake mama yangu aliuchimba.

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha umeme wa maji. Nilimuuliza kuhusu mashine yetu. Akaeleza kwamba mashine ndogo kama hiyo hutoa nguvu ile ile mchana na usiku, watu wawashe wasiwashe, na nguvu isiyotumiwa lazima ipelekwe mahali ikachomwe, la sivyo mashine itazunguka kwa kasi mpaka iharibike. "Mara nyingi," alisema, "wanachemsha maji nayo, wanayaacha yapoe."

Likizo ilipofika nilishuka bondeni nikachungulia kwenye ufa wa kibanda. Palikuwa na pipa kubwa, waya nene zikiingia ndani yake, na mvuke. Juu ya msumari palining'inia taulo. Kwenye jiwe palikuwa na sabuni na kiwembe. Ndipo nikaelewa kwa nini kila asubuhi Mwenyekiti alipanda kutoka bondeni amenyolewa, kichwa kinafuka, akinukia vizuri. Stima ya balbu mbili haikuwa haba hata siku moja. Siku zile mama yangu alipokuwa akiyahemea mayai, ziada ya kilima kizima ilikuwa inamchemshia mtu mmoja maji ya kuoga.

Nilimkimbilia mama. Alikuwa anapasua kuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka shoka chini, akafikiri.

"Kwa hiyo ndiyo maana alikuwa msafi," alisema. Akaokota shoka.

Baadaye nguzo za stima ya serikali zilipanda kutoka barabarani. Mwenyekiti alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaonya watu kwamba umeme ule una hasira, utawachoma watoto. Watu walimsikiliza kwa heshima wakajaza fomu. Mita zikaja, na kukatika kwa stima siku tatu mfululizo, na juu ya hayo yote zikaja sola, kwanza taa ndogo za kuanika uani kama nguo, kisha zile pana za kupigilia kwenye mabati. Mama ndiye aliyenunua kwanza kati ya majirani zake. Balbu aliyoitundika mbele ya zote aliitundika jikoni. Wa huko juu walitega mabomba kwenye mto ili kunyweshea miraa, mtaro ukabaki na matope, na siku moja mashine ikasimama, na hakuna aliyeshuka kwenda kuangalia ila yeye.

Mwaka jana alinitumia mtu wa bodaboda. "Mwenyekiti anataka yule msichana anayeandika vitabu," alisema kijana. Mama alinifungia majani ya chai na sukari kwenye karatasi, kwa sababu kwa mzee huendi mikono mitupu. Nilimwambia siendi kumpelekea huyu mtu sukari. "Utampelekea," alisema. "Na kama una maneno, mpelekee pia."

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mke wake alinipokea uani, akanivuta jikoni kwanza. Binti yao alikuwa amewachimbia shimo la gesi ya samadi, na ng'ombe wawili walitosha kuwasha mwali wa bluu chini ya sufuria. "Ona," alinong'ona, akicheka kama msichana, "sasa naona ninachopika. Miaka hamsini nimepika kwa kunusa."

Mwenyekiti alikuwa ameketi barazani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, meupe kama maziwa. Aligeuza uso kwenye hatua zangu.

"Ni wa Mama Kananu?"

"Ndiye mimi, Mwenyekiti. Shikamoo."

"Keti. Una kalamu?"

Alisimulia kwa muda mrefu, na alisimulia vizuri. Alikumbuka Alhamisi za mtaro, nani alilia, nani alilewa. Alisema mama yangu ndiye aliyefungua pale penye mwamba, mahali wanaume walikuwa wameshindwa. Sikuwahi kujua kwamba alimwona. Nilingoja amalize chai.

"Ulimkatia stima," nikasema.

"Nilimkatia."

"Vifaranga walikuwa hai. Uliwasikia."

Uani ng'ombe alijipiga mkia.

"Niliwasikia."

"Basi ulikosea."

"Andika kwamba nilikata," alisema. "Usiandike nilikosea. Leo ningemruhusu kuku, kesho mwingine angeleta kinu, kesho kutwa mashine ingekufa."

"Na lile pipa la maji moto?"

Nilidhani atakana. Badala yake alitabasamu, tabasamu la mtu aliyekumbushwa ujana.

"Maji yale yalikuwa mazuri," alisema. "Kule bondeni asubuhi ni baridi sana, mwanangu."

Nikafunga daftari. Alisikia.

"Bado. Fungua. Sasa andika jina. Hawa wajukuu wananiita Mwenyekiti, Mwenyekiti. Ukiwauliza babu anaitwa nani, hawajui. Kitabu kikitoka watalisoma humo. Andika yote matatu, la ubatizo, langu, na la baba."

Alinitajia polepole, herufi kwa herufi, akipumzika kati ya jina na jina ili nisikosee. Nilifungua daftari nikashika kalamu juu ya karatasi.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nilitazama ukurasa, mweupe wote, jua la alasiri likiupiga, nikamsomea majina yake matatu kwa sauti safi, moja baada ya jingine. Kwa kila jina alitikisa kichwa.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.